Haihati kwa mkono wa kushoto

Upigaji wa dramu bila kupishanisha mikono unasifiwa sana, ila wengi wanaoujaribu hubadilisha mkono tu na kuiacha seti kama ilivyo. Mkono wa kushoto unahamia kwenye haihati, ile jozi ya saimbo (sahani za shaba) inayofungwa kwa mguu, wa kulia unashika snea, ngoma iliyo katikati ya magoti, lakini haihati bado iko juu, kwa urefu uliopangwa ili mkono wa kulia upite juu ya mwenzake. Bega la kushoto linapanda, kiwiko kinaning'inia, na wimbo haujaisha mkono umeshakaza. Lawama zote zinaenda kwa mkono wa kushoto, eti dhaifu.

Kupishana kwenyewe hakukupangwa na mwalimu yeyote. Saimbo za mguuni, mama wa haihati, zilikaa karibu na sakafu, hazipigwi kwa vijiti. Bomba la stendi liliporefushwa miaka ya 1920 zikafikika kwa mikono, na mkono wenye nguvu ukazifuata huko huko kushoto.

Kwa hiyo cha kwanza ni kushusha. Katika mtindo wa kawaida haihati hukaa kama sentimita 15 hadi 20 juu ya snea, kijiti cha kushoto kipate pa kuinukia. Hapa sentimita 5 hadi 10 zinatosha, na kiwiko kikae karibu na mbavu. Ukishalishusha bomba, angalia kile chuma chembamba cha katikati: kitachomoza zaidi juu ya klachi, kile kishikizo cha saimbo ya juu, na kijiti kitakigonga. Kuna stendi zisizoshuka kiasi hicho. Basi pandisha snea na kiti kidogo.

Raidi, saimbo kubwa inayopokea kazi ya haihati kwenye kiitikio, nayo ihamie kushoto, juu ya haihati. Ikibaki kulia, kila kiitikio kikifika mikono inabadilishana kazi, na hapo ndipo mapigo yanapoyumba. Billy Cobham, aliyevuma na Mahavishnu Orchestra miaka ya 1970, huongoza raidi kwa kushoto, na Carter Beauford wa Dave Matthews Band vivyo hivyo.

Linalonishughulisha zaidi ni uwiano wa sauti. Mkono wenye nguvu sasa uko kwenye snea, hivyo kaunti (hesabu ya mapigo) ya mbili na ya nne zinalipuka, huku haihati ikinong'ona. Dawa ni kuanza na mkono wa kushoto peke yake, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika: "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na". Kwenye namba, shingo ya kijiti iguse ukingo wa saimbo. Kwenye "na", ncha iguse juu. Ikishatulia, ongeza snea kwa sauti ya chini kuliko unavyotaka. Rekodi kwa simu, maana ukiwa umekaa kwenye kiti haihati iko karibu na sikio na inakudanganya.

Faida inakuja pale mkono wa kulia unapoanza kutembea. Kushoto kukiendelea bila kukatika, kulia kunapiga snea kwenye mbili, tomu ya chini (ngoma kubwa ya upande wa kulia) kwenye "na" ya tatu, kisha kurudi snea kwenye nne. Kwa mikono iliyopishana, kushoto kungelazimika kuchomoka chini ya kulia na kuvuka seti nzima. Asiyehitaji mambo ya namna hii sioni kwa nini ajisumbue.

Kuna mtego kwenye haihati ya mikono miwili, mapigo manne ndani ya kila kaunti. Ukiongoza kwa kushoto, mbili na nne zinaangukia kushoto, na mkono huo unalazimika kuiacha haihati kwenda snea. Hapo anza na kulia, kama kawaida. Mtindo mpya haukupunguzii kitu. Roli, yale mapigo ya haraka ya kuzungukia tomu, nazo zianze na kulia, maana ndio uliokaribu na tomu.

Kwenye dramu za kanisani zinazopigwa na watu kadhaa, weka alama ya tepu kwenye bomba la haihati, moja kwa kila urefu. Mwambie pia mtu wa mitambo mapema: maiki ya snea huwa inapita chini ya haihati, na haihati ikishushwa nafasi hiyo inakwisha. Ailete kutoka mbele, pembeni mwa tomu ndogo, mgongo wa maiki uelekee haihati, la sivyo atasikia saimbo nyingi kuliko snea.