Nilikataa kuondoka wodini na mfuko wa nyongo uliojaa mawe

Kila aliyekuja kunitazama hospitalini hapa Dar es Salaam alikuwa na ushauri ule ule: jiwe lililoziba mrija wa nyongo limeshatolewa, nenda ukapumzike miezi miwili, upasuaji wa kutoa mfuko utafuata mwili ukipata nguvu. Uliniudhi sana, maana ulitolewa kwa uhakika na watu wasiojua mawe yanatoka wapi.

Nilifika pale macho yakiwa ya njano, mkojo umekolea kama chai ya rangi, choo kimepauka, mwili unaniwasha usiku kucha. Homa ya kutetemeka ilipoanza, mume wangu hakungoja kukuche. Alifanya vizuri: manjano yakiambatana na homa, huenda nyongo iliyokwama imeshaingiwa na vijidudu, na hiyo ni dharura. Ultrasaundi ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo umetanuka. MRCP, yaani picha za MRI za mirija ya nyongo, ikalionyesha jiwe lenyewe, limenasa chini kabisa, karibu na utumbo.

Wifi yangu akaja na chupa ya mafuta ya zeituni na ndimu. "Kunywa usiku, wifi, asubuhi utayaona yanatoka ya kijani." Nilimshukuru, nikakataa. Vile vidonge vya kijani ni mafuta yenyewe yaliyogandana tumboni, aina ya sabuni. Tena mafuta huufanya mfuko wa nyongo ujikamue, nao ukijikamua wakati njia imeziba, maumivu yake usiombe.

ERCP ya kwanza, yaani kulitoa jiwe kwa kamera bila kupasua tumbo, haikufaulu. Walipitisha kamera mdomoni, wakauchana kidogo mlango wa mrija, jiwe likagoma. Wakaacha kijimrija cha plastiki ili nyongo ipite, nikaendelea na dripu za antibaiotiki mpaka homa ikakata. Waliporudia, waliutanua mlango kwa puto, wakalinasa jiwe kwa kikapu cha waya, likatoka.

Hapo ndipo wengi huruhusiwa. Lakini mawe yangu yalitengenezwa mfukoni, na mfuko ulikuwa bado umo. Nilishasoma utafiti wa Uholanzi wa 2010 uliolinganisha waliotolewa mfuko ndani ya saa 72 baada ya mrija kusafishwa na waliosubiri wiki 6 hadi 8. Kati ya waliosubiri, zaidi ya theluthi walirudiwa na matatizo ya nyongo. Kati ya waliowahi, karibu hakuna.

Kwa hiyo nilimwomba daktari wa kamera aandike kwenye faili, siku ile ile, kwamba mrija ni safi na daktari wa upasuaji anione kabla sijaruhusiwa. Mume nikamwambia asisaini chochote. Nesi alipokuja na habari za kuruhusiwa nilimfungulia ukurasa ule wa faili. Jioni daktari wa upasuaji alikuwa kitandani kwangu. Aliangalia vipimo, kongosho halikuwa na shida, manjano yalikuwa yanashuka. "Mama, tusingoje," akasema. Mfuko uliovimba ukiachwa unaweza kushikamana na vilivyo jirani, na upasuaji wa matundu madogo ukaishia kwenye mkato mkubwa.

Bima ililipa sehemu, ukoo ukachanga, vikoba vikamalizia. Ni mamilioni, jiandaeni.

Nilitolewa mfuko kwa matundu manne. Ndani mlikuwa na vijiwe vidogo vidogo vingi, aina inayoteleza kwa urahisi kuingia kwenye mrija. Kesho yake nikarudi nyumbani. Vyakula vya mafuta vilinisumbua tumbo wiki chache, kisha basi. Wali wa nazi nakula.