Nilivyodhibiti taarifa za wanafunzi chuoni bila kununua mfumo mpya

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nianze kwa kuandika sera, au ninunue mfumo. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Sera inayosema taarifa za wanafunzi ni siri haimsaidii karani wa udahili anayeombwa orodha jioni na mtu anayedai ametumwa na mkuu wa idara.

Mimi nilianza na daftari: jedwali moja lenye safu za taarifa yenyewe, inakotoka, inapokaa, mwenye dhamana, wanaoiona na kwa kazi gani, na lini inafutwa. Kwenye dhamana andika cheo cha mtu mmoja, kama msajili au mhasibu mkuu. Ukiandika "idara", siku ya tatizo hutampata wa kumuuliza. Wala usiwabebeshe watu wa kompyuta dhamana hiyo; wao wanatunza seva, hawawezi kuamua kama zahanati inahitaji simu ya mzazi.

Mfumo mkuu wa usajili ndio uliokuwa salama zaidi. Hatari ilikuwa kwenye nakala: faili zilizopakuliwa, flashi, viambatisho vya barua pepe vya zamani, makundi ya WhatsApp ya walimu. Ili kujua nakala zinasafiri vipi, niliweka wanafunzi hewa. Kila orodha inayotoka ina mwanafunzi mmoja wa kubuni, tofauti kwa kila mpokeaji, mwenye barua pepe iliyofunguliwa kwa orodha hiyo tu. Mpe jina la kawaida kabisa, mwekee alama ndani ya mfumo asiingie kwenye ada, mitihani wala takwimu, na watu wawili tu wamjue. Matangazo ya biashara yalipoingia kwenye anwani ya mwanafunzi hewa wa maktaba, hapakuwa na ubishi tena: orodha ya maktaba ilikuwa imefika nje kupitia mtoa huduma aliyepewa orodha hiyo. Kazi yake ilihitaji namba ya usajili na barua pepe. Alikuwa amepewa na tarehe za kuzaliwa na simu za wazazi. Sasa kila orodha hutoka kwa kiolezo chenye safu zilizoidhinishwa tu. Najivunia mbinu hii kuliko nyingine zote.

Kuficha safu kwenye Excel si kuifuta; anayepokea anaifunua kwa kubofya mara mbili tatu. Jedwali egemeo (pivot table), lile linalojumlisha data kwa makundi, ni baya zaidi. Linabeba data yote ndani yake hata ukifuta karatasi ya chanzo, na ukibofya mara mbili kwenye jumla, safu mlalo zote zinamwagika na majina yake. Nakili thamani peke yake kwenye faili jipya.

Na matokeo yanayobandikwa kwa namba za usajili bila majina? Yakipangwa kwa alfabeti ya majina, darasa zima linajua nani kapata nini. Panga kwa namba. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wanaweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta tu, kwa hiyo kufuta majina hakutoshi. Kwenye ripoti sisi huficha idadi iliyo chini ya 5, pamoja na kisanduku kingine kimoja cha mstari huohuo, la sivyo msomaji anatoa zinazoonekana kwenye jumla na kuipata iliyofichwa.

Ruhusa za kuingia kwenye mfumo ziondolewe siku ya barua ya uhamisho. Anayehama idara husahaulika kuliko anayeacha kazi.

Kufuta kuna mtego wake. Ukirejesha nakala rudufu (backup) baada ya seva kuharibika, waliofutwa wanarudi wote. Tunza mahali pengine orodha ya namba za rekodi zilizofutwa, namba tupu bila jina, na uitumie kuzifuta tena kabla hujawafungulia watumiaji mfumo.