Moyo Uliokwaruza

Kitinda mimba wetu ameanza kujifunza viungo vya mwili. Juzi alinibandika sikio kifuani, akasikiliza, akanuna. "Mbona wako haukwaruzi?" Kumbe kaka yake ameshamsimulia, na kwa kuwa yule mkubwa hutia chumvi kila kitu, acha niseme mwenyewe.

Homa yenyewe haina hadithi. Ilikuja na mafua, ikaondoka, nikarudi kazini. Kilichobaki ni maumivu katikati ya kifua, yaliyochoma kila nikivuta pumzi ndefu na kupanda hadi bega la kushoto. Mchana nilivumilia. Shida ilikuwa usiku: nikilala chali yanazidi, nikiketi na kuinama mbele yanatulia. Nikawa nalala nimekaa, nimekumbatia mto, mke wangu akinitazama kwa yale macho yake mnayoyajua. Kila mtu alikuwa na jibu. Gesi. Vidonda vya tumbo. Mawazo. Mimi moyoni nilishajihukumu: huu ni mshtuko wa moyo, unakuja taratibu tu.

Daktari wa kwanza alinibonyeza mbavu, akasema ni misuli iliyochoshwa na kikohozi. Kwa wengi huwa hivyo kweli.

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. "Ukilala inakuwaje?" Nilipomweleza akaweka kalamu chini. "Keti, inama mbele. Toa pumzi yote, halafu usivute."

Akaweka stetoskopu chini upande wa kushoto wa kidari, akaikandamiza. Ilikuwa baridi. Akafumba macho. Nikabaki namkodolea uso kama mshtakiwa anayemtazama hakimu, pumzi zimeniishia, yeye anasogeza kidogo, anasikiliza tena. Halafu akatabasamu! Nikajiuliza ni daktari gani huyu anayefurahia kifua cha mgonjwa.

"Unataka kusikia?"

Akanivika masikioni. Nilitarajia mapigo, na mapigo yalikuwepo, ila juu yake kulikuwa na kitu kingine, kikavu, kinakwenda na kurudi: kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Nikatoa pumzi nikasikiliza tena bila kuambiwa.

"Huo ni utando," alisema. Moyo umefunikwa na utando wa tabaka mbili, katikati kuna majimaji kidogo ya kuulainisha. Homa imepita, utando umebaki umevimba, sasa tabaka zinasuguana. Ukiinama mbele unaupunguzia shida, ndiyo maana mto ule ulinifaa. Akaongeza, kwa ukali sasa, kwamba maumivu ya kifua hayapimwi kitandani kwa kugeuka-geuka; ningekuja mapema.

Sikumsikia vizuri. Bado nilikuwa na stetoskopu masikioni, na sikutaka kuirudisha.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kipimo cha umeme wa moyo, ultrasaundi ya kuangalia kama maji yamejaa kuuzunguka moyo, damu ya kuangalia kama msuli wenyewe umeumia. Haukuumia. Nikapewa ibuprofeni, pamoja na kolchisini, ambayo wengi huijua kama dawa ya gauti, ule ugonjwa wa maungio unaochochewa na nyama nyingi. Dada yangu aliliona lile kopo mezani na mpaka leo ananikataza nyama. Kukimbia nikakatazwa hadi maumivu yaishe na vipimo vitulie, nami, mnanijua, sikuhitaji kushawishiwa.

Ugonjwa huu kwa baadhi ya watu hurudi. Kolchisini hupunguza uwezekano huo, haiufuti. Kwa hiyo kila nikipata mafua, usiku wa kwanza nalala chali makusudi, navuta pumzi taratibu, nasubiri. Mara nyingine nahisi kitu. Ni utando au ni woga wangu? Siwezi kuapa. Nilipokwenda kuonwa mara ya mwisho nilimweleza yule mama, nikitegemea anigombeze tena. Alicheka sana. Kisha akanionyesha kitanda.

"Haya, lala chali tuone."