Kilo Tano za Majani

Jioni moja ya Julai mwaka 2006, majira ambayo ukungu wa Kilimanjaro huteremka hadi ndani ya migomba na watu hufunga madirisha kabla ya saa kumi na mbili, jirani yangu alipiga hodi kwenye njia ya kuingilia kihamba changu, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba hiyo alikuwapo mbuzi ambaye mimi mwenyewe nilimkabidhi mwaka mmoja uliotangulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, kuna baridi."

"Sitakaa, Mwalimu. Nimekuja umnuse huyu mbuzi."

Sikuhitaji kusogea. Harufu ilikuwa imekwisha kunifikia pale barazani, harufu ile nzito ya beberu ambayo hung'ang'ania kwenye nguo hata baada ya kufuliwa, na ambayo ndiyo sababu banda la beberu hujengwa mbali na mahali pa kukamulia. Lakini huyu hakuwa beberu. Katika daftari la kikundi chetu, kwa mwandiko wangu, aliandikwa kuwa jike.

Sina budi kueleza alivyofika mikononi mwa yule mama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, na kwetu Kibosho wapo waliokuwa wameacha hata kuipalilia mibuni yao. Mwaka 2003 tukaunda kikundi cha akina mama kumi na wawili, tukapewa mbuzi wa maziwa kwa utaratibu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi: unapokea jike mmoja bila kulipa fedha, na mtoto wake wa kwanza wa kike, akishaachishwa kunyonya, unampa mwenzako aliye kwenye foleni. Mbuzi kwa Wachagga si mgeni; babu zetu walilala naye chini ya paa moja, na samadi yake ndiyo iliyoilisha migomba kwa vizazi vingi. Tulichokuwa hatujazoea ni mbuzi wa kukamuliwa. Hawa walikuwa Toggenburg, uzao wa Uswisi, wenye rangi ya kahawia, mistari miwili myeupe usoni na miguu myeupe kama waliovaa soksi. Jike wangu alinipa lita mbili kwa siku alipokuwa katika ukamuaji wake mzuri, na kwa mtu mwenye kihamba cha nusu eka, ambamo hakuna hata kona ya kumfunga ng'ombe, lita mbili hizo hazikuwa jambo dogo.

Jike huyo hakuwa na pembe, tena hakukatwa wala hakuchomwa utotoni, alizaliwa hivyo. Mbuzi wa namna hiyo tuliwaita vipara, na mimi niliwapenda kupita kiasi. Nilikuwa na sababu, au niliamini ninazo. Mbuzi wa kufugia bandani hula kwa kupenyeza kichwa kati ya fito za hori, na mwenye pembe hunasa, hupiga kelele usiku, na pengine hujinyonga. Zaidi ya hayo, mmoja wa wenzetu alikuwa na jike mwenye pembe aliyemchoma mwenzake kwenye kiwele, kidonda kikaoza, na chuchu moja ikafa kabisa. Kwa hiyo mwaka 2004, ilipofika zamu yetu ya kupata beberu wa kikundi na tukaonyeshwa wawili, mmoja mwenye pembe na mmoja kipara, mimi niliyekuwa mwenyekiti nilisimama nikazungumza kama ninavyozungumza mbele ya darasa la saba. Tulimchukua kipara. Alikuwa mzuri kweli, mgongo umenyooka, miguu imara, mama yake mkamuliwaji hodari. Hakuna aliyenipinga, na nadhani hilo nalo ni kosa la kuwa mwalimu kijijini.

Septemba ya mwaka huo jike wangu aliingia kwenye joto. Alikuwa akitikisa mkia na kulia bila kunyamaza, nami nikampeleka kwa beberu asubuhi na kumrudisha tena jioni. Siku ya ishirini na moja ilipita bila dalili za joto kurudi, nikajua ameshika mimba, nikahesabu siku mia na hamsini kwenye kalenda ya ukutani. Alizaa usiku wa Februari, siku tatu kabla ya hesabu yangu, mtoto mmoja tu, kipara kama wazazi wake, mwenye nguvu, aliyesimama na kuitafuta chuchu kabla sijamaliza kumpaka iodini kwenye kitovu. Nilihakikisha amepata dang'a ya kutosha. Kisha nikamwinua mkia kwa mwanga wa kurunzi ili nijue nimepata nini.

Alikuwa jike. Lakini pale chini, kwenye uke wake, kulikuwa na kinundu kidogo, hakizidi punje ya choroko. Nilikigusa. Nikajiambia kwamba ni uvimbe wa kuzaliwa na utanywea. Asubuhi niliandika katika daftari la kikundi: jike mmoja, hali nzuri. Kinundu sikukiandika. Kila nilipokumbuka kukiangalia katika miezi iliyofuata nilikiona bado kipo, na kila mara nilipata shughuli nyingine ya kufanya.

Juni 2005 nikamkabidhi kwa yule mama jirani, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa mjane mwenye mtoto mdogo wa kiume, na kabla mbuzi hajafika alikuwa amekwisha kujenga banda la fito lililoinuliwa juu ya ardhi kwa vipimo nilivyompa, nafasi za hori zikiwa nyembamba, saizi ya kichwa kisicho na pembe. Wanakikundi walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Jike wa Toggenburg aliyelishwa vyema huanza kuonyesha joto akiwa na miezi saba au minane, ingawa tunashauriwa asipandishwe mpaka afikie mwaka na uzito wa kilo thelathini hivi. Huyu hakuonyesha chochote. Jirani yangu alingoja kwa adabu ya mtu aliyepewa kitu cha bure. Akamwongezea pumba za mahindi na mashudu ya alizeti aliyokuwa akinunua kwa kikombe. Akamnunulia jiwe la chumvi. Ilipofika Pasaka mbuzi akaota ndevu na shingo ikanenepa. Kisha akaanza kukunja mdomo wa juu kila alipopita karibu na jike mwingine, na hatimaye harufu ile. Watu wakaanza kumwambia kwamba hajui kulisha. Mmoja alimwambia kwamba mbuzi wa maziwa hahitaji mashudu mengi, yanageuza damu. Haya yote niliyasikia jioni ile ya ukungu, amesimama, amekataa kiti.

Kesho yake bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki yake. Hakuchukua hata dakika moja. Aliinua mkia, akatazama kile kinundu ambacho sasa kilikuwa kimekuwa cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, akauachia mkia na kusema, "Huyu ni huntha. Hatazaa kamwe. Wazazi wake wote wawili ni vipara?"

Nikamjibu kwamba ndiyo.

Aliomba maharage mekundu na punje nyeupe za mahindi, akaketi barazani nasi tukamzunguka. Haragwe, alisema, ni ukipara. Punje ni pembe. Kila mbuzi hubeba mbegu mbili za jambo hili, moja ya baba na moja ya mama, na haragwe likikutana na punje, haragwe ndilo linaloonekana. Kwa hiyo kipara aliyezaliwa na mzazi mmoja mwenye pembe ameficha punje ndani yake. Akaweka haragwe na punje upande wa beberu, haragwe na punje upande wa jike, kisha akapanga watoto wanaowezekana, mafungu manne. Katika fungu moja kati ya manne maharage yalikutana mawili. Mtoto wa fungu hilo akiwa dume, kwa kawaida huonekana dume kamili. Akiwa wa kike, maumbile yake hugeuzwa tangu tumboni, akazaliwa akionekana jike na kukua akielekea kuwa dume, asiwe huyu wala yule. Mmoja kati ya wanane, basi, kwa wastani. Ndiyo maana wafugaji humchagulia jike kipara beberu mwenye pembe, kwa sababu mzazi mwenye pembe hana haragwe la kutoa. (Baadaye sana nilisoma kwamba watafiti wa Ufaransa walikuwa wametangaza mwaka 2001 kuwa wamekipata kile kipande cha urithi chenye hitilafu, miaka miwili kabla mbuzi wetu hawajafika, lakini kanuni yenyewe ilijulikana Ulaya miongo mingi kabla ya hapo, kwa kuhesabu tu watoto waliozaliwa mabandani.)

Jirani yangu alikuwa amenyamaza muda wote. Alipozungumza hakumtazama bwana mifugo, alinitazama mimi.

"Kwa hiyo si kwamba nilimlisha vibaya?"

"Hata ungemlisha asali, mama," bwana mifugo alijibu.

Kisha akageuka kwangu, kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali. "Mwalimu, kwenye mafunzo ya siku tatu mliambiwa jambo hili."

Usiku ule nilitoa daftari langu la mafunzo kwenye sanduku. Lilikuwapo, ukurasa wa siku ya pili, limepigiwa mstari kwa rula: kipara asipandishwe na kipara. Nilikuwa nimeliandika kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinakili ya ubaoni ninapowageuzia kisogo, kwa hati nzuri na bila kuuliza kwa nini. Hilo lilinifedhehesha, lakini si hilo lililoninyima usingizi. Kusahau ni kwa binadamu. Kile kinundu sikukisahau. Nilikiona kwa kurunzi, nikakiona tena mara nyingi mchana, na siku ya kukabidhi nilisimama karibu na mbuzi ili mtu asije akauinua mkia. Jambo hili sikuwahi kulisema mbele ya kikundi. Nilimwambia jirani yangu peke yake.

Nikiwa macho, nilipiga hesabu. Mbuzi wa umri ule hula majani mabichi yapatayo kilo tano kwa siku, achilia mbali pumba. Kwetu vihamba havitoshelezi majani. Wanawake huteremka kuyakata huko chini na kupanda nayo kichwani. Siku 365 mara kilo tano ni kilo 1,825. Zaidi ya tani moja na robo tatu za majani zilipanda mlima juu ya kichwa cha mama mmoja, kwa ajili ya maziwa ambayo mimi nilikuwa na sababu ya kushuku kwamba hayatakuwapo.

Nilikuwa na jike wa pili, aliyetoka kwa mwanakikundi mwingine baada ya kubadilishana mitetea na fedha kidogo. Yeye alikuwa na pembe, nzima, zimejikunja nyuma, nami sikuwahi kumpenda sana. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Jumamosi iliyofuata nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, mmea ule ambao kwetu aliyekosa humpelekea aliyemkosea, nikalifunga shingoni mwa mbuzi huyo na kumwongoza hadi kwa jirani yangu. Njiani watu waliliona jani, wakanisalimu kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeuliza.

Nilimweleza habari ya kinundu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakusema kwamba amenisamehe, na sale haidai maneno; alilifungua jani shingoni, akalichomeka kwenye ukuta wa banda, kisha akampapasa mbuzi tumbo kwa viganja viwili.

"Huyu ana pembe, Mwalimu."

"Anazo."

"Hataingia kwenye hori langu."

Akaingia ndani akatoka na msumeno, akaanza kupanua nafasi ya kwanza ya hori, nami nikashika fito ili isitikisike. Tulikata nafasi mbili. Bwana mifugo alikuwa amesema kwamba huntha anaweza kutunzwa ili atambulishe majike walioingia kwenye joto, kwa kuwa huwanusa na kuwapanda kama beberu bila kuwapa mimba, na mimi nilikuwa nimekubali kumchukua kwa kazi hiyo hadi tubadilishane beberu na kikundi kingine. Nikamfungua. Alikuwa mkaidi, akanivuta mara mbili kuelekea bandani alikozoea.

Jirani yangu aliweka msumeno chini, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mzigo wa majani uliokuwa bado na umande, umefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Ya leo nimekwisha kumkatia, Mwalimu, yachukue," alisema akinitwika. "Ya kesho utakata wewe."