Jinsi nilivyotatua alama duni za karani wa masijala
Ofisi yetu ina watumishi sita tu. Karani wa masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada na barua za ofisi, alipata alama za chini kwenye tathmini mara mbili mfululizo, nami nusura nimwandikie barua ya onyo. Kabla ya hapo nikakaa naye wiki nzima na daftari, nikiandika kila kazi aliyoshika. Kumbe tangu mhasibu msaidizi ahamishwe, yeye ndiye aliyekuwa akiandaa hati za malipo hadi jioni, bila barua ya kukaimu, yaani ya kumpa rasmi nafasi hiyo kwa muda; na bila barua hiyo, hakuna posho. Iliniuma sana. Nikamwombea barua, nikapunguza malengo yake ya masijala, na kazi ya kupokea barua nikampa mwenzake. Mwezi wa pili posho ikaingia. Jalada likiitishwa sasa, linapatikana siku hiyohiyo.