Mwani, Sponji na Tumbawe Wako Himaya Gani?

Sifa saba za viumbe hai, yaani kujilisha, kupumua, kukua, kuhisi, kujongea, kutoa taka mwili na kuzaliana, wanafunzi wengi wa skuli zetu huzihifadhi kwa moyo bila ya kuzijaribu kwa kiumbe hata kimoja. Nalisikitikia jambo hili, kwa sababu bahari ya bamvua inapokupwa Paje na Jambiani, vijiji vya mashariki ya Unguja, pwani nzima hujaa viumbe ambao umbo lao pekee halitoshi kutwambia ni wa himaya gani, yaani kundi kuu gani la viumbe, kama vile mimea au wanyama.

Nianze na mwani, ambao umeendesha maisha ya nyumba nyingi za mashariki ya Unguja tangu kilimo chake kilipoanza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980. Una matawi, na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa hivyo ni rahisi kuuita mmea. Lakini uchukue mkononi uutazame vizuri: hauna mzizi, hauna jani la kweli, hauna mishipa ya kupitishia maji, wala hautoi ua. Virutubisho hufyonzwa na mwili mzima kutoka katika maji yanayoupitia, na ndiyo maana mama zetu hukata kipande, wakakifunga kwa uzi kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi, nacho kikanenepa na kuchipua bila ya kugusa mchanga. Huko ni kukua na kuzaliana bila ya jinsia, kunakoonekana waziwazi shambani.

Wataalamu wenyewe wamevutana kuhusu mahali pake. Robert Whittaker, alipopanga himaya tano mwaka 1969, aliuweka mwani mwekundu, kundi ambalo mwani wetu wa kulima umo, katika mimea. Baadaye Lynn Margulis akauhamishia kwa Protista, himaya ya viumbe ambao si mimea, si wanyama, si kuvu wala si bakteria. Siku hizi uchunguzi wa jeni umewafanya wengi waurudishe karibu na mimea. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aelezwe mvutano huu badala ya kupewa jibu moja la kukariri.

Nyasi za baharini zinazoota pembeni mwa mashamba hayo hazina utata: zina mizizi, mishipa na maua, nazo ni mimea kamili.

Sponji, ambao baadhi ya wanawake wa Jambiani wanawafuga kwenye kamba, ni mtihani mkubwa zaidi. Hana mdomo, hana neva, hana msuli, na amejishikiza mahali pamoja. Hata hivyo ni mnyama, kwani hawezi kujitengenezea chakula, na seli zake hazina kuta ngumu kama za mimea. Huvuta maji kwa vitundu vidogo vilivyoenea mwilini, akachuja bakteria na chembe nyingine za chakula, kisha akayatoa kwa tundu kubwa. Kujongea kwake kumo katika uchanga, anapoogelea kabla ya kutua mwambani.

Tumbawe naye ni mnyama, ingawa Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe yake. Polipu wake, yaani mnyama mdogo mmoja mmoja anayejenga tumbawe, hunyoosha minyiri kukamata windo, lakini sehemu kubwa ya chakula huipata kwa miani ya seli moja inayoishi ndani ya mwili wake. Joto la bahari likizidi, miani hiyo hutoka na tumbawe hubaki mweupe, mwenye njaa. Kwa hivyo jibu la Animalia, yaani himaya ya wanyama, ni sahihi kwa polipu, ila tumbawe hai mmoja amebeba viumbe wa makundi mawili yaliyo mbali kabisa.