Difu ya Hilux kuukuu: pima kabla hujafungua

Wiki hii mawazo yangu yako kwenye difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, hasa ile ya nyuma ya Hilux za miaka ya 1980, ambazo mpaka leo zinabeba ndizi kutoka Masaka bila kulalamika. Difu ikianza kulia, mwenye gari hukimbilia Kisekka au Ndeeba, kwa wauza vipuri wa Kampala, kutafuta difu nzima iliyong'olewa kwenye gari jingine. Simlaumu. Ila difu hiyo nayo ina yake iliyoyapitia, na muuzaji hatakusimulia. Halafu kuna suala la uwiano: moja ina meno 41 ya krauni (gia kubwa ya duara) kwa 10 ya piniani (gia ndogo inayoizungusha), nyingine 41 kwa 9, na ukiziangalia kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwenye gari la kuvuta mbele na nyuma, ukiweka nyuma uwiano usiolingana na wa mbele, siku utakayounga gia ya mbele kwenye lami kavu kuna kitu kitakatika. Hesabu meno kabla hujatoa pesa.

Kwangu mimi, difu yako mwenyewe ndiyo ya kufufua, mradi meno hayajachimbika wala kumeguka. Krauni na piniani hutengenezwa kama jozi, na kiwanda kiliipanga jozi hiyo ndani ya nyumba hiyo hiyo kwa vipimo vyake. Vipimo hivyo bado vimo humo ndani. Ukifungua kwa pupa, umevifuta.

Kabla ya spana, masikio. Mlio mwembamba unaotokea ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia unatoka kwenye meno au beringi za piniani. Mngurumo usiojali mafuta, unaofuata mwendo wa gari tu, ni wa beringi za kando ya krauni au za magurudumu. Ukiyumbisha usukani kidogo na sauti ikabadilika, anza na gurudumu. Kishindo kimoja wakati wa kuachia klachi mara nyingi si difu kabisa, ni krosi (kiungio) ya propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, iliyokwisha. Watu wameshafungua difu nzima kwa sababu ya krosi.

Kutoa ni kazi ya misuli. Zuia magurudumu ya mbele, simamisha gari kwenye stendi (matofali hupasuka bila kuaga), mwaga oili, fungua paipu za breki na kebo ya hendibreki, toa nati nne za kila upande, kisha vuta shafti pamoja na sahani ya breki. Tia alama kwenye flanji ya propela irudi ilivyokuwa. Zimebaki nati 10 za spana namba 12 zinazoshika difu. Difu ina zaidi ya kilo 30, kwa hiyo iwe na jeki chini yake, si kifua chako.

Ikishafika mezani, usiguse bolti hata moja. Chukua sentapanchi: nukta moja kwenye kofia ya beringi ya kushoto na moja kwenye nyumba iliyo karibu nayo, nukta mbili upande wa kulia. Kofia hizi zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake, na ukizibadilisha upande hazikai sawa tena. Tia alama pia kwenye nati kubwa za kurekebishia beringi hizo. Sasa weka geji ya saa kwenye jino la krauni, shika piniani isicheze, tikisa krauni. Nafasi ya kucheza kati ya meno inayotakiwa ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Rudia sehemu nne za duara. Tofauti ikiwa kubwa, krauni imepinda au bolti zake zimelegea. Paka meno machache rangi ya mafuta iliyochanganywa na grisi, zungusha huku krauni ikizuiwa kwa kipande cha mbao, piga picha alama inayobaki. Hiyo picha utaihitaji.

Shimu (pete nyembamba ya chuma) inayopanga kina cha piniani iko kati ya kichwa chake na beringi ya ndani, kwa hiyo kuifikia lazima ung'oe beringi kwa presi. Ipime kwa maikromita na anza kwa kurudisha unene ule ule. Beringi nzuri za aina moja hazitofautiani sana kwa unene, na mara nyingi alama kwenye meno hurudi ilivyokuwa. Beringi inunue na kikombe chake. Kuweka beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni kununua mlio mwingine.

Krauni ikibidi itoke kwenye kesi yake, zitie alama kwanza, na wakati wa kuirudisha usiipige nyundo. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, itoe, subiri maji yakauke juu yake, kisha ivike haraka kwa alama zake. Inakaa yenyewe. Bolti kaza kwa kupishana zikishapoa, Nm 97 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu kunja sahani za kufungia.

Sasa nati ya piniani, ambayo inaua difu nyingi kuliko barabara mbovu. Chini yake kuna spesa, bomba fupi la chuma linalobonyea, na ikishabonyea hairudi. Ndiyo maana kwenye majaribio ya alama ya meno funga piniani bila spesa na bila sili, ukikaza kidogo kidogo tu. Alama ikikaa juu kwenye ncha za jino, piniani iko mbali na inataka shimu nene zaidi. Ikikaa chini kwenye shina la jino, inataka nyembamba. Ukiridhika, weka spesa mpya na sili mpya, kaza kwanza mpaka Nm 108, kisha ongeza kwa nyuzi chache chache, ukipima kila mara.

Kupima mkazo wa beringi, yaani ugumu wa piniani kuzunguka, hakuhitaji chombo cha bei. Zungusha kamba kwenye flanji, ifunge kwenye mizani ya ndoano, vuta. Kamba ikiwa sentimita 5 kutoka katikati na mizani ikasoma kilo 4 piniani inapoanza kuzunguka, huo ni mkazo wa kg·cm 20. Beringi mpya zinataka 19 hadi 26. Zilizokwisha kutumika 9 hadi 13. Ukipitiliza, usilegeze nati ukadhani umerekebisha, maana beringi zitabaki bila mkazo wa kweli. Fungua, weka spesa nyingine. Vivyo hivyo ukifika Nm 235 na mkazo bado haujatimia. Mwisho gonga mdomo wa nati uingie kwenye mfereji wa shafti ya piniani.

Krauni ikirudi na nafasi ya meno ikikaa sawa, kaza kofia za beringi Nm 78, pima tena kwa kamba: jumla iongezeke kg·cm 4 hadi 6 tu juu ya mkazo wa piniani.

Oili iwe ya gia, daraja la GL-5, uzito wa 80W-90, mpaka ilingane na tundu la kujazia. Piniani imekaa chini ya katikati ya krauni, hivyo meno yanasuguana kwa kuteleza na yanahitaji dawa iliyomo kwenye oili hiyo; oili ya injini haina nguvu hiyo. Imwage mapema baada ya kilomita mia kadhaa, uone sumaku ya plagi imeshika nini.

Na kama oili ya zamani ilitoka nyeupe, mkosaji yuko juu ya ekseli: kipumulio kidogo kilichozibwa na vumbi la murram. Kikiziba, joto husukuma oili kupita kwenye sili hadi kwenye viatu vya breki, na ekseli ya moto ikiingia kwenye dimbwi la mvua ya Aprili hunyonya maji kupitia sili zile zile. Kioshe kwa mafuta ya taa, kipulize, au ondoa kofia yake na uunge bomba la mpira linalopanda hadi juu ya chasisi.